Kupima kingamwili za wafanyakazi wa hospitali: majibu yanasema nini, na hayasemi nini

Wiki iliyopita mdau mmoja aliniachia swali kwenye maoni: "Kaka, kile kipimo cha damu walichokuwa wanapimwa watu wa hospitali wakati wa Korona kilikuwa cha kazi gani hasa, maana sikuona mtu aliyepona kwa sababu yake?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona namdanganya. Jambo lenyewe haliishi kwa mistari miwili. Tena linanigusa, kwa sababu nilipimwa. Sikuwa nesi wala daktari. Mwaka 2020 nilikuwa dobi, nafua mashuka katika hospitali moja huku Pwani ya Kenya. Jina la hospitali nabaki nalo mwenyewe.

Kwa hiyo leo naweka mahali pamoja ninachokijua, ili siku ugonjwa mwingine ukibisha hodi uwe na pa kurudia. Ni ndefu kidogo. Kama mwenye saiba anakuhesabia dakika, iweke kwenye flashi ukasome nyumbani.

Vipimo viwili, watu walivichanganya

Kipimo cha kwanza ni kile cha kijiti cha puani, kile kinachokutoa machozi. Hicho kinamtafuta kirusi mwenyewe: je, leo hii unaye? Ndicho kilichozaa zile hesabu za kila siku zilizokuwa zikisomwa na Waziri Mutahi Kagwe kwenye televisheni mchana, sisi tumekaa kimya kama tunasikiliza matokeo ya uchaguzi.

Kipimo cha pili kinachukua damu. Hiki hakimtafuti kirusi kabisa. Kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili wako unazitengeneza ukishavamiwa, za kumng'ang'ania yule mvamizi asiingie ndani ya seli. Mimi hupenda kufananisha na daftari la mlinzi wa geti. Ukilisoma unajua kwamba gari fulani lilipita. Hujui kama bado liko ndani, hujui kama litarudi, na ukilisoma mapema mno utakuta mlinzi bado hajaandika.

Hiyo ya kusoma mapema ndiyo iliyowaponza wengi. Kwa Korona kingamwili zilikuwa zinaonekana wiki moja mpaka tatu baada ya dalili kuanza. Katika siku zile za mwanzo, ambapo mtu anakohoa na anaambukiza vibaya sana, kipimo cha damu kinaweza kusema huna kitu. Kwa hiyo hospitali iliyokuwa inampima nesi damu ili ijue kama leo aruhusiwe kuingia wodini ilikuwa inasoma daftari siyo.

Utasikia pia herufi IgM na IgG. Ni aina mbili za kingamwili. Kwa kawaida IgM hutangulia na kuondoka mapema, IgG hufuata na kukaa zaidi. Kwa Korona zilikuwa zinakuja karibu pamoja, kwa hiyo wale waliokuwa wanakwambia "una M tu, basi umeambukizwa juzi" walikuwa wanabahatisha.

Kwa nini waanze na watu wa hospitali?

Kuna sababu inayoonekana na kuna inayojificha. Inayoonekana ni kwamba hao ndio wanaomgusa mgonjwa. Wakiugua wote kwa mpigo, nani atamhudumia nani?

Inayojificha ni kwamba Korona ilikuwa inapita kwa watu wengi bila kupiga hodi. Mtu hana homa, hana kikohozi, yuko kazini anasukuma machela, na anacho. Vijiti vya kupimia vilikuwa vichache na vilitunzwa kwa ajili ya wenye dalili. Sasa ukitaka kujua ugonjwa umefika wapi kweli, inabidi ukaangalie nyuma, kwenye damu. Watu wa hospitali wako mahali pamoja, wanajulikana kazi zao, unaweza kulinganisha: huyu wa wagonjwa mahututi, huyu wa jikoni, huyu wa mapokezi.

Kenya walianza na damu ambayo tayari ilikuwa imetolewa. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi walichukua sampuli 3,098 za watu waliochangia damu kati ya Aprili 30 na Juni 16, 2020. Anayechangia damu ni mtu mzima wa afya, sivyo? Baada ya kurekebisha hesabu wakapata asilimia 4.3 kwa nchi nzima, Mombasa asilimia 8.0, Nairobi 7.3, Kisumu 5.5. Asilimia nne unaweza kuiona ndogo. Lakini ukiipiga kwa Wakenya wa umri wa miaka 15 mpaka 64 unapata watu kama milioni moja hivi, wakati hesabu ya vijiti hata ilipofika Julai 31 ilikuwa wagonjwa 20,636 tu, na vifo 341. Yaani ugonjwa ulishatuzunguka wote na sisi tunahesabu waliokohoa.

Ndipo wakaja kwa wafanyakazi wa afya. Kati ya Julai 30 na Desemba 4, 2020 walipima watu 684 katika sehemu tatu: Nairobi, Busia na Kilifi. Kwa jumla asilimia 20.8 walikuwa na kingamwili. Mtu mmoja katika kila watano! Ila ukiigawanya kwa sehemu ndiyo unakaa chini: Nairobi asilimia 43.8, Busia 12.6, Kilifi 11.5.

Halafu kuna kitu ambacho mimi nilikisoma mara tatu. Walipoangalia kada ya mtu, yaani anafanya kazi gani pale hospitalini, hawakuona tofauti ya maana. Kilichotofautisha ni mji. Kwa maneno mengine, kuwa mfanyakazi wa hospitali Nairobi kulikuweka hatarini zaidi ya kuwa daktari au mtu wa kada nyingine. Jinsi ninavyoelewa mimi, hospitali haina ukuta. Unapanda matatu, unapanga chumba kwenye ploti ya vyumba kumi na choo kimoja, unakunywa chai na wenzako kwenye kijichumba bila barakoa kwa sababu chai hainyweki na barakoa. Mgonjwa aliyelala kitandani ana jina na faili, lakini aliyekuambukiza huenda ni uliyekaa naye kiti kimoja.

Kusini kwetu, Blantyre nchini Malawi, walipima wafanyakazi 500 wa afya wasiokuwa na dalili kati ya Mei 22 na Juni 19, 2020. Waliotoka na kingamwili walikuwa 84, na baada ya kurekebisha ikawa asilimia 12.3. Wakati huo takwimu rasmi za nchi ile zilikuwa bado ndogo mno. Hadithi ile ile.

Wafagizi wa Birmingham

Uingereza picha ilikuwa tofauti kidogo, na hii nataka kila anayefagia hospitali aisome.

Aprili 24 na 25, 2020 hospitali kubwa za Birmingham ziliwapima wafanyakazi ambao siku hiyo hawakuwa na dalili, wako kazini. Waliopimwa damu walikuwa 516, na asilimia 24.4 walikuwa na kingamwili. Sasa ungebashiri nani walikuwa juu kabisa? Wote tungesema wale wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambao wanaingiza mipira kooni kwa mtu. Hapana. Hao walikuwa asilimia 14.8. Waliokuwa juu kabisa ni wafagizi na wahudumu wa usafi, asilimia 34.5, wakifuatiwa na wa wodi za dharura za tiba, 33.3.

Ungedhani ni bahati mbaya ya mji mmoja. Oxford walipima zaidi ya watu 10,000 wa hospitali zao na kukuta asilimia 11.2 wameshapata ugonjwa, lakini kwa wasukuma machela na wafagizi ilikuwa asilimia 18.6, juu kuliko kazi nyingine yoyote pale.

Kwa nini? Maelezo yenye nguvu ni barakoa. Wale wa mahututi walipewa zile nzito zinazobana uso, kwa sababu kila mtu alijua pale kuna hatari. Wa wodi za kawaida, na anayepita na ndoo na deki, walipewa zile nyepesi za karatasi. Hatari ilipoogopwa ndipo kinga ilipopelekwa, na virusi vikapita kwingine. Bila hicho kipimo cha damu hakuna mtu angejua, kwa sababu mfagizi akiugua haandikwi gazetini.

Mimi nilipopimwa

Sasa nirudi kwangu.

Agosti 2020 msimamizi wetu alikuja na maboksi ya vipimo vya haraka vya kutoboa kidole. Nani alivinunua na wapi, sikuambiwa. Tulipangwa foleni nje ya stoo ya mashuka, madobi, wafagizi na walinzi, waganga walipimwa ndani kwa faragha. Unatobolewa kidole, tone la damu linaingia kwenye kitundu, matone mawili ya maji yake, unangoja dakika 15. Kile kidude kina herufi tatu pembeni: C, M na G. Mstari wa C lazima utokee, ukikosa huo kipimo kimeharibika.

Changu kilitoa C, halafu G, hafifu kama umechorwa na penseli. Kijana aliyekuwa anapima akakiinua juu kwenye mwanga, akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Huyu ameshapita!" Wenzangu wakanipigia makofi. Bi mmoja mfagizi, mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, Mungu amekupitishia mbali." Nilifurahi jamani, sitaki kudanganya.

Msimamizi naye alifurahi, kwa sababu zake. Kesho yake akanihamisha: mashuka ya wodi ya kujitenga nitachukua mimi. Nikaomba gauni na ile barakoa nzuri. Akasema, "Wewe una kinga tayari, hizo tuwaachie ambao hawajapata." Gauni zilikuwa chache kweli, hilo nalikubali. Basi nikaingia na aproni ya kufulia na barakoa ya kitambaa aliyonishonea mama.

Na mama ndiye yuko kwenye sehemu ya hadithi ninayoona haya kuiandika. Ana sukari na presha. Tangu Aprili nilikuwa nakula barazani peke yangu, yeye ndani, tunaongea kupitia mlangoni. Siku niliyotoka na ule mstari wa penseli nilirudi nyumbani nikakaa naye, tukala sahani moja. Tukaendelea hivyo wiki tatu.

Kuna dada mmoja wa maabara, yeye ndiye aliyenitia wasiwasi. Aliniuliza swali moja tu: "Hicho kipimo kinaitwaje, na kinakosea mara ngapi?" Sikujua. Msimamizi hakujua. Boksi lilikuwa limeshatupwa. Nikachukua pesa niliyokuwa nimeweka ya bati, nikaenda maabara ya kulipia mjini, wakatoa damu kwenye mshipa, wakapima kwa mashine. Hasi. Hakuna kingamwili.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikafikiria ile sahani.

Mama yuko salama, namshukuru Mungu. Na mimi sikuugua kipindi kile. Lakini mpaka leo sijui kama kipimo cha kwanza kilidanganya, au nilikuwa nazo zikapungua. Yote mawili hutokea.

Hesabu ambayo hakuna aliyetufanyia

Hii ndiyo sehemu ngumu, ila haihitaji zaidi ya hesabu za darasa la saba. Shika kalamu.

Chukua watu 1,000. Tuseme 50 kati yao, yaani asilimia 5, kweli wameshaugua. Kipimo chetu ni kizuri: kinawagundua 93 katika kila 100 walioougua, na kinasema ukweli kwa 99 katika kila 100 ambao hawajaugua. Kati ya wale 50, kama 46 watatoka chanya. Kati ya wale 950, mmoja katika kila 100 atatoka chanya kwa makosa: hao ni kama 10. Jumla una watu 56 wanaopigiwa makofi, na 10 kati yao hawana kitu. Karibu mmoja kati ya sita.

Sasa weka kipimo cha rahisi kinachokosea watu 5 katika kila 100 wasioougua. Waongo wanakuwa 47 au 48, wa kweli ni wale wale 46. Zaidi ya nusu ya makofi ni ya bure!

Rudia tena kwa mji ambao watu 400 katika 1,000 wameshaugua. Kwa kipimo kile kizuri, wa kweli ni 372, waongo ni 6. Umeona? Kipimo hakijabadilika, mji ndio umebadilika. Ugonjwa ukiwa bado mchache, jibu la chanya la mtu mmoja ni la kulitilia shaka. Ndiyo maana jibu la mtu mmoja na jibu la watu 684 ni vitu viwili tofauti. Kwa watu wengi mtafiti anaweza kutoa makosa kwenye hesabu, kwa sababu anajua kipimo chake kinakosea mara ngapi. Mimi na ule mstari wangu wa penseli, nani angenitolea makosa?

Na watafiti walijuaje kipimo chao kinakosea mara ngapi? Hapa ndipo nilipowavulia kofia watu wa Kilifi. Walikuwa na damu kwenye mafriza, sampuli 910 zilizochukuliwa Kilifi mwaka 2018. Mwaka 2018 Korona hii haikuwepo duniani. Kwa hiyo damu yoyote ya 2018 ikitoka chanya, ni uongo wa kipimo. Wakazipitisha, na asilimia 99 zikatoka hasi kama inavyotakiwa. Halafu wakapima damu ya Wakenya waliothibitishwa kwa kijiti, wakaona kinawakamata asilimia 92.7. Zile namba 93 na 99 kwenye hesabu yangu nimezitoa hapo. Ilikuwa muhimu wajaribu kwa damu ya hapa hapa, maana mtu aliyeishi na malaria na mafua mengine ya kwetu anaweza kuwa na kingamwili nyingine za kukichanganya kipimo kilichojaribiwa Ulaya peke yake.

Usidhani ni sisi maskini tu tuliopigwa na vipimo vibovu. Machi 2020 serikali ya Uingereza iliagiza vipimo vya damu kwa mamilioni, ikawaahidi watu watajipima nyumbani. Wataalamu wa Oxford walipovijaribu, Aprili mwaka ule ule Profesa John Bell akatangaza kwamba hakuna kilichofaa. Pesa ilikuwa imeshatoka.

Je, ukiwa nazo unalindwa?

Msimamizi wangu hakuwa mjinga. Alikuwa na wazo ambalo hata mawaziri wa nchi kubwa walikuwa nalo: wape waliopona cheti, warudi kazini. Chile walitangaza mpango wa kadi za namna hiyo. Aprili 24, 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaonya kwamba hapakuwa bado na ushahidi kwamba mwenye kingamwili hawezi kuambukizwa tena, na kwamba mwenye cheti anaweza kuacha tahadhari. Yaani mimi na ile sahani.

Ushahidi ulikuja baadaye, na ulitoka kwa watu wa hospitali hao hao. Oxford waliwafuatilia wafanyakazi 12,541 kwa miezi kama sita. Kati ya 11,364 waliokuwa hawana kingamwili, 223 waliambukizwa. Kati ya 1,265 waliokuwa nazo, wawili tu, na hao wawili hawakuwa na dalili. Utafiti mwingine wa Uingereza unaoitwa SIREN, wenye wafanyakazi zaidi ya 25,000, ulionyesha mwaka 2021 kwamba walioambukizwa zamani walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 84, kwa miezi kama saba.

Basi kumbe msimamizi alikuwa sawa? Nusu. Kinga ilikuwepo kweli, kwa kundi, kwa muda, dhidi ya kirusi cha wakati ule. Lakini Agosti 2020 hakuna aliyekuwa na uhakika huo, na kwangu mimi haikujulikana hata kama nilikuwa nazo. Halafu Novemba 2021 ikatangazwa Omicron, na waliokuwa wameugua zamani wakaugua tena kwa wingi. Cheti cha Agosti kingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Chanjo nayo ilibadilisha mambo. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021, na wafanyakazi wa afya wakiwa wa kwanza. Chanjo iliyokuja, ya AstraZeneca, inaufundisha mwili kuitambua protini moja tu ya kirusi, ile ya miiba ya nje. Kuanzia hapo, ukipima kingamwili za miiba kwa nesi aliyechanjwa, utakuta zipo, na hujui ni za ugonjwa au za sindano. Ili utofautishe inabidi upime kingamwili za protini nyingine ya ndani ya kirusi, ambayo chanjo hiyo haina. Kwa hiyo mtu akikuonyesha asilimia kubwa za baada ya Machi 2021, muulize kwanza walipima zipi.

Damu ni yako

Ile siku yetu ya foleni nje ya stoo ilikosewa karibu kila kitu, na sio kwa sababu ya ubaya wa moyo. Hatukuulizwa kama tunakubali. Majibu yalisomwa hadharani. Hakuna aliyetueleza makosa ya kipimo. Na majibu yakatumika kugawa kazi za hatari. Katika utafiti wenyewe, ule unaopitia kamati ya maadili, unasomewa karatasi, unaweza kukataa na usifukuzwe, na jina lako linageuzwa namba. Wengi wetu hatukujua kuna tofauti kati ya hayo mawili. Kwetu sindano ni sindano.

Kwa hiyo ukiambiwa njoo upimwe, wewe au mzazi wako anayefanya kazi hospitalini, uliza bila aibu. Kipimo gani, na kimejaribiwa kwa damu ya watu wa wapi? Kinakosea mara ngapi kwa asiyeugua? Hapa mjini ugonjwa umeenea kiasi gani? Nani ataona majibu yangu? Na hili la mwisho liulize mbele ya mashahidi: nikitoka chanya, nitaendelea kupewa barakoa na gauni kama jana? Jibu likiwa "tutaona", toa kidole ukipenda, lakini barakoa usivue.

Na matokeo ya wengi yakitoka, yaulizwe yamenunua nini. Sampuli za mwisho za ule utafiti wa Nairobi, Busia na Kilifi zilichukuliwa Desemba 4, 2020. Siku tatu baadaye, Desemba 7, manesi na maafisa wa tiba Kenya waligoma, na vifaa vya kujikinga na bima vikiwa kwenye madai yao. Siku hiyo hiyo ndiyo aliyokufa kwa Korona daktari wa miaka 28 aliyekuwa anahudumia kituo cha kujitenga Machakos, na nchi ikasikia kwamba alikuwa na miezi hajalipwa mshahara. Namba zilikuwepo. Mmoja katika watano kwa jumla, karibu nusu Nairobi. Mimi sijaona mahali dobi au mfagizi aliongezewa hata glavu kwa ajili yake, mwenye ushahidi tofauti anirekebishe.

Mimi niliacha kazi ya udobi mwaka 2021. Nilirudi kula barazani mpaka mama alipochanjwa, na yeye mpaka leo hunitania kwamba nilimsusa. Wale mliopimwa enzi zile, iwe kwa kidole au kwa mshipa, tuandikieni hapo chini: mliambiwa nini, na majibu mlipewa au mnayangoja mpaka leo? Majina ya hospitali na ya watu yaacheni, nitafuta maoni yatakayotaja.